Askari aliniambia nifute video, nikafuta. Sasa nifanyeje?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mama lishe hapa Tanga mjini, nauza chai na vitumbua alfajiri jirani na kijiwe cha bodaboda. Wiki hii askari wawili walimsimamisha kijana wa boda, wakabishana naye kuhusu leseni, halafu wakaanza kumpiga rungu mpaka akalala chini. Nilichukua video kwa simu yangu. Mmoja akaniona, akaja akaniambia niifute mbele yake. Niliogopa, nikafuta. Kijana walimpakia kwenye difenda, akatoka kesho yake kwa dhamana, mkono umevimba. Vijana wa kijiweni wananilaumu, wanasema ningeirusha kwenye grupu pale pale. Mume wangu anasema niachane na mambo ya polisi. Je, nilikosa kurekodi? Na kama video ingekuwepo, ilitakiwa iende wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtaa wako na siku yenyewe nimeviondoa kwenye swali kwa makusudi. Mji wetu si mkubwa, na anayeuza vitumbua kijiweni anajulikana na kila anayepita.

Kabla hujaendelea kusoma, shika simu. Fungua galari, tafuta sehemu ya vitu vilivyofutwa. Simu nyingine zinaiita Taka, nyingine Vilivyofutwa Karibuni. Simu nyingi tunazotumia haziteketezi video siku ile ile unayoifuta. Zinaiweka humo kwa muda, mara nyingi siku 30, ndipo inapotea kabisa. Kama unatumia Google Photos, video ambayo haikuwa imehifadhiwa kwenye akaunti hukaa kwenye taka siku 30, na iliyohifadhiwa hukaa 60. Askari yule alikuona unabonyeza kufuta. Kama hakukuamuru uingie na huko kwenye taka, ina nafasi kubwa ya kuwa bado ipo. Ukiikuta, irejeshe kama ilivyo. Usiikate mwanzo wala mwisho, usiiandike maneno juu, usiipunguze ukubwa. Kama haionekani, acha kupiga picha mpya kwa simu hiyo, kwa sababu vitu vipya huandikwa juu ya vilivyofutwa, kisha ipeleke kwa fundi unayemwamini na ukae naye mpaka amalize. Usimwachie simu ukaenda sokoni.

Halafu usimwambie mtu kwamba umeipata. Hata vijana wa kijiweni. Sababu nitaieleza, na ndiyo jambo kubwa kuliko yote katika jibu hili.

Kwanza nikutoe hofu ya kosa. Kurekodi hukukosea. Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na hakuna sheria ya nchi hii inayomkataza mwananchi aliyesimama kwenye barabara ya umma kumpiga picha askari anayefanya kazi pale. Mipaka ipo: ndani ya kituo cha polisi, kambi ya jeshi, bandarini, mahakamani, huko kuna masharti yake, usiingize kamera. Na kumzuia askari kufanya kazi yake ni kosa, kwa hiyo umbali una maana. Wewe ulikuwa nyuma ya meza yako ya biashara. Hukumzuia mtu.

Amri ya kufuta nayo haina msingi wowote. Askari akiamini simu yako ina ushahidi wa kosa, sheria imempa njia: anaichukua kwa utaratibu, anaandika hati ya kukamata mali, mnaisaini wewe na yeye na mashahidi, na wewe unabaki na nakala. Kukuambia ufute ni kinyume kabisa cha hayo. Kanuni ya Adhabu inafanya kuwa kosa kuharibu kitu ukijua kinaweza kutakiwa mahakamani kama ushahidi. Kwa hiyo aliyevunja sheria pale hakuwa wewe. Ulitii kwa sababu ulikuwa peke yako mbele ya mtu mwenye rungu ambaye dakika moja nyuma ulimwona analitumia, na kutii kulikuwa sawa. Wanaokulaumu hawakuwa wamesimama pale ulipokuwa umesimama.

Sasa nije kwenye kunyamaza. Umesema kijana ametoka kwa dhamana. Umemuuliza ni dhamana ya kosa gani? Muulize, au amuulize ndugu yake, kwa sababu hapo ndipo penye moto. Katika kesi za namna hii nilizozisimamia, aliyepigwa ndiye anayeandikiwa kosa: kumshambulia askari, kukataa kukamatwa, lugha ya matusi. Watu huona video ni silaha ya kumfunga askari, na huenda siku moja ikafika huko. Lakini kazi yake ya kwanza ni kumwokoa kijana na kesi ya kubambikiwa. Video ya dakika mbili inayoonyesha mtu amelala chini, mikono kichwani, ndiyo utetezi wake wote.

Na utetezi huo unapata nguvu pale ambapo maelezo ya askari yameshaandikwa na kusainiwa kabla hawajajua kwamba video ipo. Ukiirusha leo, kesho watakuwa wameshaiona, na maelezo yao yataandikwa kwa kuifuata: kila pigo litapata sababu. Ukikaa kimya, wataandika walichokusudia kuandika tangu mwanzo.

Kuna mtu aliyelijua hili kwa kulipitia. Tarehe 4 Aprili 2015, huko North Charleston, Marekani, kinyozi mmoja aitwaye Feidin Santana alikuwa anatembea kwenda kazini akamwona askari anagombana na mtu mweusi, Walter Scott. Akawasha simu. Scott akakimbia, askari akampiga risasi nyingi kutoka nyuma, akafa. Askari alieleza kwamba Scott alimnyang'anya kifaa cha kupigia shoti ya umeme na kwamba alihofia maisha yake. Santana aliogopa kama wewe. Alisema baadaye kwamba alifikiria kuifuta video ile na kuhama mji. Hakuifuta, na hakuitangaza siku ile. Alipoona maelezo ya polisi hayafanani na alichokiona, akaipeleka kwa familia ya marehemu. Askari alikamatwa siku chache baada ya tukio, na mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Uongo ulikuwa umeshaandikwa, haukuweza kurudishwa.

Sheria yetu inaipokea video, usidhani hayo ni ya Marekani tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama inapopima ushahidi wa namna hii iangalie ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, ulivyosafirishwa, na jinsi aliyeutengeneza anavyotambulika. Nikuonyeshe inavyokuwa kizimbani. Wakili wa upande wa pili anasimama anakuuliza: Simu ni yako? Ulirekodi saa ngapi? Baada ya hapo ilikaa kwa nani? Hii tunayoiona ndiyo iliyotoka kwenye kamera, au ni ile iliyozunguka kwenye magrupu? Umejuaje haijakatwa? Mtu aliyetunza simu yake anajibu maneno mawili matatu, anakaa. Mtu aliyeipokea video kwenye grupu kutoka kwa mtu aliyeipokea kwenye grupu lingine hana la kujibu hata moja, ingawa picha ni ile ile.

WhatsApp yenyewe inaharibu. Ukituma video kwa njia ya kawaida, programu inaibana iwe nyepesi, na taarifa zilizojificha ndani yake, kama saa na mahali, hupotea. Kama ni lazima umtumie wakili kwa WhatsApp, bonyeza alama ya kuambatisha, chagua kutuma kama faili la waraka, siyo kama picha au video. Itakula bando, maana video nzuri ya dakika moja yaweza kufika MB 100 au zaidi, lakini itafika nzima. Njia bora kwako ni rahisi zaidi: nunua kadi ya kumbukumbu mpya, nakili video humo bila kuigusa ya asili, tia kadi kwenye bahasha, gundisha, saini juu ya mkunjo na uandike tarehe. Mwombe mtu mzima mmoja mnayeaminiana asaini pia. Ya asili ibaki kwenye simu. Usitegemee kuitunza mtandaoni peke yake. Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa, na iliporudi watu walipokea ujumbe wa polisi wa kuwaonya wasisambaze picha na video za kuzua taharuki. Bahasha iliyo kwa shangazi yako Pongwe haikatiki mtandao.

Ujumbe ule unanileta kwenye kurusha. Vijana wanadhani hatari ni video. Mara nyingi hatari iko kwenye maneno yanayoandikwa chini yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inaadhibu kusambaza taarifa ambayo mtu anajua ni ya uongo au ya kupotosha kwa nia ya kuchafua, kutisha au kudanganya. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Mkanda wenyewe ni kweli tupu. Halafu kijana mwenye hasira anaandika chini yake "wamemuua mwenzetu", na mwenzenu yupo nyumbani kwao anakunywa uji. Hapo mmewapa kesi bure, na atakayeitwa ni mwenye simu. Fikiria pia heshima ya aliyepigwa. Amelala chini, shati limepanda, mama yake yupo Lushoto anaangalia stetasi. Hajaulizwa kama anakubali.

Sisemi video isitangazwe kamwe. Mwezi Februari 2013, Daveyton, Afrika Kusini, dereva wa teksi kutoka Msumbiji, Mido Macia, alibishana na askari kuhusu mahali alipoegesha gari. Wakamfunga kwa mikono nyuma ya gari la polisi wakamburuta barabarani mbele ya umati, na akafia mahabusu. Askari walidai yeye ndiye aliyewashambulia. Waliokuwepo walikuwa wameshika simu, gazeti likaitoa video, na dunia ikaona. Mwaka 2015 askari 8 walitiwa hatiani kwa mauaji, kila mmoja miaka 15. Pale mtu alikuwa ameshakufa, hakuna aliyekuwa na dhamana ya kulinda, na bila kelele jambo lingezikwa naye. Vivyo hivyo mtu akichukuliwa na asijulikane alipo, kutangaza haraka kunaweza kuwa ndiko kunakomweka hai. Kijana wako yupo nyumbani. Hali yake inataka subira.

Nisikudanganye kwamba video inatosha. Eric Garner alikabwa shingo na askari New York mwaka 2014, video ikaonyesha kila kitu, akisikika akisema hawezi kupumua, na askari yule hakushtakiwa kwa jinai. Alifukuzwa kazi mwaka 2019. Hapa kwetu, mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Iringa, tarehe 2 Septemba 2012, na picha za magazetini zilimwonyesha akiwa amezungukwa na askari. Hukumu ilikuja Julai 2016, askari mmoja, kuua bila kukusudia, miaka 15. Picha zile ziliwaonyesha wengi.

Ndiyo maana naitaka video yako iwe na wenzake: cheti cha hospitali, na maelezo yako ya maandishi. Kijana aende hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, leo kama hajaenda, mkono upigwe picha ya eksirei na daktari aandike alichokiona. Fomu ya PF3, ile ya majeruhi ambayo daktari huijaza, hutolewa polisi, na najua ugumu wa kuiomba kwa watu wale wale. Aende kituo kingine, asindikizwe na mwenyekiti wa mtaa au ndugu mtu mzima. Kidonda cha leo hakitaonekana kwenye cheti cha mwezi ujao.

Maelezo yako andika usiku huu, kwa mkono wako, kwenye daftari. Hata video isipopatikana kabisa, wewe bado ni shahidi. Macho yako hayakufutwa. Andika ulikuwa umesimama wapi, taa ya barabarani ilikuwa inawaka au la, nani alianza kusema nini. Hasa andika kilichotokea kabla hujawasha kamera, kwa sababu swali la kwanza la upande wa pili litakuwa ni nini kijana alifanya kabla ya mkanda kuanza. Andika sare ilikuwa rangi gani, jina kama ulilisoma kifuani, namba ya gari. Magari ya polisi namba zao huanza na PT. Usichokiona usikiandike. Kuhusu saa, andika kama unavyosema, saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kando yake andika 5:30 kama simu inavyoonyesha. Nimeona shahidi akihangaishwa kizimbani kwamba maelezo yake na video vinapishana kwa saa sita, kumbe ni wakati ule ule uliosomwa kwa namna mbili.

Ulichoniuliza kuhusu pa kupeleka, mpangilio wangu ni huu. Wa kwanza ni wakili wa kijana, na kama hana uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo hapa Tanga. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nacho hupokea mambo haya. Baada ya wakili kuona hati ya mashtaka ndipo malalamiko yaandikwe kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na nakala kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bila malipo. Inachunguza na kutoa mapendekezo, haitoi hukumu. Kama ugomvi wa leseni ulikuwa ni kuombwa hela, hilo ni la TAKUKURU, namba 113, bure. Na kama kijana atataka kudai fidia serikalini, lazima itangulie notisi ya siku 90, kwa hiyo asikae mwaka mzima akingoja mkono upone.

Inaniuma kwamba njia karibu zote hizi zinapita mikononi mwa polisi wenyewe. Wenzetu ukivuka Horohoro tu, Kenya, tangu mwaka 2011 wana sheria ya chombo cha kiraia cha kuwachunguza polisi, kinachoitwa IPOA. Hakijamaliza mabaya yao, lakini mama lishe wa Mombasa ana mlango wa kubisha ambao si wa kituo. Sisi tunauhitaji mlango huo, na nitaendelea kuudai.

Siku nyingine ikitokea, usisogee. Shika simu kwa ulalo, anza na picha pana inayoonyesha mahali, kibao cha duka au namba ya nguzo ya TANESCO, kisha tulia kwa watu. Usiwashe taa ya kamera. Usivute karibu, picha itatetemeka. Usitukane wala kupiga kelele, kwa kuwa sauti yako itasikika mahakamani. Usizime mpaka gari limeondoka, kwa sababu kinachofanyika wakati wa kumpakia mtu mara nyingi ndicho kinachokanushwa. Funga simu kwa namba ya siri, siyo alama ya kidole. Kidole mtu anaweza kukushika akakiweka. Na akikufikia akaitaka, sema kwa adabu mara moja, "Afande, naomba hati ya kukamata mali." Akiendelea, mpe. Simu utanunua nyingine Barabara ya 12.

Mume wako msikilize. Anaogopa kukupoteza, na hofu yake ina sababu. Mweleze kwamba hujaombwa usimame barabarani na bango. Umeombwa kutunza bahasha na kuandika kurasa mbili. Ipo Sheria ya mwaka 2015 ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi, na wakili wa kijana ataamua pamoja nanyi wawili kama kutakuwa na haja ya wewe kupanda kizimbani. Kesi ya kubambikiwa yaweza kufutwa mapema mwendesha mashtaka anapoonyeshwa mkanda. Mume wako akae nawe mnapoongea na wakili, aulize yote anayotaka kuuliza.

Muulize kijana amepangiwa kuripoti lini. Kadi iwe imefika kwa wakili wake kabla ya siku hiyo.